Mwanamume Uani Kwangu

Yule mwanamume anayeonekana kwenye ukurasa wa thelathini na moja wa historia ya kikosi ni mimi.

Kitabu chenyewe ni chembamba, kina jalada la buluu, na kimetolewa na wazee waliobaki kwa ajili ya mkutano wao wa mwisho hapa Jacksonville. Ukikifungua hapo utaona picha iliyopigwa kutoka angani: paa la nyumba, mwaloni mmoja, kitu cheupe cha mraba kwenye majani, na kando yake mtu mdogo kama punje ya mchele. Chini wameandika: "Majaribio ya kamera, Januari 1969. Nyumba, shuka, mwanamume uani." Nyumba ni yangu. Shuka ni yangu, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi. Na mwanamume, kama nilivyosema, ni Imogene Tarkett, mke wa Luteni Wendell Tarkett, ambaye kitabu hichohicho kimempa mstari mmoja na nusu.

Sina ugomvi na huo mstari. Kikosi kile hakikuwahi kujua kujisifu. Vikosi vingine vina hadithi za kuangusha ndege za adui. Ndege zetu ziliondolewa bunduki, na mahali pa bunduki zikawekwa kamera. Vitani marubani wa mabomu walikwenda kundi zima, wakapiga, wakarudi. Halafu, moshi ukiwa bado unapanda na kila mwenye silaha kule chini ameshaamka na ana hasira, alitumwa mtu mmoja kwenda kupiga picha ya kilichobaki. Huyo mmoja ndiye wetu. Hata baharini hawakukaa pamoja. Kila manowari ya kubeba ndege ilipewa ndege zetu tatu tu, nazo ziliegeshwa pembeni kama wageni waliokuja bila kualikwa. Kwa hiyo kitabu kina picha nyingi za madaraja na barabara, na chache sana za watu.

Sasa hiyo shuka. Kamera ikishatengenezwa lazima ijaribiwe angani, na hakuna amri iliyosema ijaribiwe juu ya nini. Basi kila rubani aliijaribu juu ya nyumba yake. Wakubwa walijua, wakajifanya hawajui, kwa kuwa nao walifanya hivyohivyo. Shida ni kwamba kutoka juu mapaa yote yanafanana. Mara ya kwanza Wendell aliniletea picha safi kabisa ya nyumba ya daktari wa meno wa mtaa wa pili.

"Na wewe ndiye unayetumwa kutafuta makombora yaliyofichwa msituni?" nikamwuliza. "Nyumba unayolala huioni?"

"Makombora hayana majirani wengi hivi," akasema. "Nitandikie kitu cheupe kwenye majani. Shuka. Na wewe usimame karibu nayo, nihakikishe na mke ni yuleyule."

Tangu siku hiyo nikawa natandika. Jioni alirudi na picha ambayo bado inanuka dawa, akaiweka mezani kando ya sahani, akaanza uchokozi.

"Mistari ya maharage yako imepinda, Imogene."

"Imepinda kwa sababu ndege yako inatetemeka."

"Ndege haitetemeki. Anayetetemeka ni rubani, kila akikumbuka kwamba anarudi kwako."

Mimi ni mrefu. Futi tano na inchi kumi bila viatu, na nilimzidi Wendell inchi mbili, ndiyo maana kanisani alikwenda na buti za wachunga ng'ombe zenye kisigino. Ulikumbuke hilo, litakuja kuwa na kazi.

Mwaka sitini na saba alipelekwa Vietnam na zile ndege tatu. Asubuhi moja ya Oktoba alitumwa kupiga picha ya daraja lililokuwa limetoka kupigwa mabomu. Mwenzake aliyekuwa akimlinda kwa juu aliiona ndege ikiingia kwenye wingu lililolalia mto, hakuiona ikitoka. Hakuona moto, hakuona mwavuli wa kurukia. Kwa hiyo Wendell hakuwa hai na hakuwa maiti. Serikali ilimwandika kuwa hajulikani alipo.

Kamanda Hollis Everling, mkuu wa kikosi, alikuja nyumbani na kasisi, na nyuma yao mkewe, Maxine, ameshika bakuli la tambi za samaki za kuoka. Kasisi alisema mengi, sikumbuki hata moja. Nakumbuka alichosema Hollis akiwa mlangoni, kofia mkononi.

"Kikombe chake kiko kwenye ndoano, Imogene. Hakuna atakayekigusa mpaka tujue moja."

Kwa wanamaji hiyo ni kauli nzito. Katika chumba cha marubani kila mmoja ana kikombe chake cha kahawa ukutani, jina limeandikwa kwa rangi, na kikombe hicho hakioshwi. Kahawa inaisha, kinakung'utwa, kinatundikwa. Kadiri kinavyokuwa cheusi ndani ndivyo mwenyewe anavyohesabika kuwa mkongwe. Cha Wendell kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni, naye alikionea fahari kuliko nishani. Nikaishikilia ile kauli ya Hollis kwa mikono miwili. Serikali ingeandika ilichotaka kwenye makaratasi yake, lakini kikombe kikiwa ukutani Wendell alikuwa na mahali pa kurudi. Kikiondolewa, amekufa, na mimi ni mjane. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikuomba kitu kingine duniani ila kikombe kile kibaki palepale.

Nyumba ilinielemea. Nilianza kula nimesimama jikoni, kwa sababu meza ilikuwa na viti viwili na sikuweza kukitazama cha pili. Niliacha redio ikiongea chumbani ili nikitoka kuoga nisikie kuna mtu. Watoto hatukujaliwa. Mama yangu alikuwa Ohio, akaniandikia nirudi; nikamjibu siwezi, Wendell akirudi atanitafuta wapi? Upweke wa namna ile sikuwa nimeujua. Ulikuwa unaniuma mwilini kabisa, hapa kifuani, kama njaa.

Kitu kimoja tu kilinipa nafuu. Kila asubuhi mbingu ikiwa safi nilitandika shuka.

Kikosi kilikuwa bado kinajaribu kamera, na marubani walikuwa wamezoea kupita kwangu. Shuka ilikuwa nyeupe, ya mraba, inajulikana upana wake, na kwa mtu anayetaka kujua kama kamera inaona vizuri hiyo ni shabaha nzuri kabisa. Niliujua mlio wa ndege yetu kabla haijavuka miti. Nilitoka, nikasimama, nikatazama juu. Sikupunga mkono, wala sikujifanya nadhani ni Wendell. Akili nilikuwa nayo. Ila kwa zile sekunde mbili palikuwa na mtu ananiona.

Mwezi ule wa Januari, mwaka sitini na tisa, ulikuwa na baridi mbaya, umande uliganda kwenye majani. Wendell alikuwa ameliacha jaketi lake la ngozi la urubani, maana alikokwenda ni joto tupu. Nikalivaa. Lilikuwa bado lina harufu ya sigara zake. Nikavaa na suruali yake ya kazi za bustani, inayoniishia juu ya vifundo, na kofia yake, kisha nikatoka na shuka yangu.

Baada ya hapo simu iliacha kulia.

Mwanzoni sikutilia maanani. Wake wa kikosi walikuwa na karata kila Alhamisi kwa Maxine, na mmoja wao kila mara alipita kunichukua. Alhamisi hiyo hakupita. Ya pili hakupita. Nikampigia Maxine, akasema meza imejaa, kwa sauti ile ya kumjibu mtu anayeuza mafagio. Nikajiambia labda nimekuwa mzigo. Mwenye msiba akizidi kukaa nao watu huchoka, na siwalaumu. Lakini iliniuma.

Nikakutana naye kwenye duka la kituo cha jeshi, kwenye nyama.

"Maxine."

"Imogene. Umependeza." Nilikuwa sijachana nywele.

"Nimekosa nini, shoga yangu?"

"Hujakosa. Wewe bado mdogo. Kila mtu anakuelewa."

"Ananielewa nini?"

Akachukua kuku, akamgeuza, akamrudisha. "Mimi ningengoja," akasema. "Lakini mimi si wewe. Na angalau ningetafuta mtu wa nje ya kikosi. Hao wenzake wanakunywa kahawa chini ya jina lake." Akasukuma toroli lake akaenda kwenye maziwa.

Nilibaki pale nimeduwaa na kuku wake. Nilifika nyumbani bila kununua kitu, na mpaka naweka funguo mezani sikuwa nimemwelewa.

Siku mbili baadaye Hollis Everling akaja. Hakuja na kasisi. Alikuwa na mfuko wa karatasi, akauweka mezani taratibu, akabaki amesimama.

"Tumeona wakati umefika," akasema. "Si kwa ubaya. Nina rubani mpya hana ndoano, na chumba chenyewe... siku hizi vijana wanatazamana vibaya. Kila mmoja anajiuliza ni nani."

"Nani nini? Humu mna nini, Hollis?"

Nikafungua mfuko mwenyewe.

Kilikuwa kikombe cha Wendell. Jina lilikuwepo, TARKETT, kwa rangi nyekundu. Ndani kilikuwa cheupe, kinang'aa kama cha dukani.

"Kimeoshwa," nikasema.

"Maxine alikisugua kwa magadi. Hakutaka ukipokee kichafu."

Nilikaa kwenye kiti. Nilikaa kwenye kile cha pili, cha Wendell, bila kujua.

"Uliniambia mpaka mjue."

"Imogene, hakuna anayekuhukumu. Umeamua kuendelea na maisha—"

"Nani kakwambia nimeamua?"

Hapo ndipo alipojinyoosha, na nikamwona mkuu wa kikosi badala ya Hollis. "Sisi ni watu wa picha," akasema. "Hatusemi mpaka tumeona."

Nikamwambia basi na mimi anioneshe.

Alisita, akasema chumba cha kusomea picha hawaingii raia. Nikamwambia nyumba yangu si siri ya taifa. Nadhani aliogopa nitapiga kelele majirani wasikie; alinipeleka. Niliondoka na jaketi la Wendell mgongoni kwa sababu ndilo lililokuwa mlangoni, na kikombe nikakitia mfukoni.

Msomaji wa picha wa kikosi aliitwa Clifford Bascom, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama dunia kutoka juu na kusema hiki ni lori, hiki ni ng'ombe. Alikuwa mwenye sifa kubwa, na alistahili. Aliponiona akasimama, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mimi sikusema nani, mama," akaanza. "Mimi husema nini, basi. Mengine wameongeza wao."

"Sema hicho nini."

Akamtazama kamanda, kamanda akaitikia kwa kichwa. "Mtu mzima, mwanamume," akasema Clifford. "Suruali, kofia, jaketi la urubani. Mfuko wa kifuani unaonekana, hawavai wengine. Urefu futi tano na inchi kumi. Nimepima kwa kivuli, jua la saa tatu asubuhi. Anaonekana siku nne tofauti, na kila siku yuko hapo mapema, kama mtu aliyelala humo." Akaitazama meza. "Samahani, mama."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nilianza kucheka. Nilicheka vibaya, nikashika meza, na Hollis akanisogelea akidhani nazirai.

"Niwekee niione," nikasema.

Walikuwa na kifaa kidogo chenye vioo viwili na miguu ya waya. Wendell alikuwa amenieleza zamani: kamera inapiga haraka, kwa hiyo kila kitu hutokea kwenye picha mbili zinazofuatana, kila moja kwa pembe yake. Ukiweka picha mbili chini ya vile vioo, jicho hili lione hii na jicho lile lione ile, zinakuwa moja na vitu vinasimama. Nikainama. Mwanzo ilikuwa ukungu tu. Halafu nyumba yangu ikasimama.

Paa likainuka. Mwaloni ukaniletea matawi yake usoni. Shuka ikalala chini kabisa, mbali, na kando yake mtu. Uani hapakuwa na kitu kingine, wala gari, wala mbwa, wala kiti. Sikuwa nimejua kwamba ua wangu ni mkubwa kiasi kile. Yule mtu alikuwa peke yake katikati ya majani yote yale, na chini ya kofia palikuwa na doa dogo jeupe. Ilinichukua muda kujua kwamba ni uso wangu, na kwamba Wendell kila mara alikuwa ananiona hivi. Machozi yakanitoka yakadondokea kwenye vioo.

Nilijifuta, nikachukua kofia ya Hollis pale mezani bila ruhusa, nikaivaa, nikaenda kusimama kwenye fremu ya mlango na lile jaketi.

"Pima," nikamwambia Clifford.

Hakuwa na haja ya kupima. Mtu yule macho yake ndiyo yaliyokuwa yakimpa mkate. Aliniangalia kuanzia viatuni, akafika kwenye mfuko wa kifuani, akafika kwenye kofia.

"Kipimo chako cha kivuli hakijakosea hata inchi moja," nikasema. "Na hapo chini ya kofia, uliona cheupe?"

"Niliona. Nilidhani ni mwanga umeakisi kwenye ukingo wa kofia."

"Ni uso, Bwana Bascom. Nilikuwa nawatazama nyinyi."

Clifford alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Hollis alikuwa ameelekea ukutani, ambako hapakuwa na cha kutazama.

"Kitarudi kwenye ndoano leo," akasema mwishowe, mgongo umenigeukia. "Sasa hivi. Huyo mpya atatafuta msumari wake. Nipe, Imogene."

Nilikitoa mfukoni. Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka, neno kwa neno, na kama kingekuwa vile alivyokiacha ningempa na kumbusu shavu. Lakini nikakitazama ndani. Kila kahawa aliyokunywa Wendell kabla ya kuruka, na kila aliyokunywa aliporudi salama, ilikuwa imebaki mle, na Maxine alikuwa ameisugua kwa magadi kwa nia njema kabisa, akaimwaga kwenye karo.

"Mkitundike cha nani?" nikamwuliza. "Hiki hakijawahi kunywewa na mtu."

Nikarudi nacho nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilitandika shuka kwa mara ya mwisho. Baridi ilikuwa vilevile, lakini nilivaa gauni la manjano la kanisani, mikono mitupu, nikasimama mpaka meno yanagongana. Ndege ilipopita safari hii nilipunga mkono. Naambiwa picha hiyo ilisomwa bila tabu. Kisha nikaikunja shuka, nikaiweka kabatini, na sikuitandika tena. Marubani walipita kwa muda, wakizunguka, wakitafuta; mimi nilibaki jikoni nikisikiliza mpaka mlio unapotea.

Maxine alikuja na bakuli la tambi, akalia kuliko mimi. Nilimsamehe, maana ningefanya nini, na tambi zilikuwa na chumvi nyingi kama zile za kwanza. Lakini kwenye karata sikurudi. Mwaka sabini na tatu wafungwa wa vita waliporudi kutoka Vietnam nilitazama kwenye televisheni kila mmoja akishuka ngazi ya ndege, mpaka mlango ukafungwa. Wendell hakuwemo. Baadaye wakamwandika amekufa, baadaye kikosi chenyewe kikavunjwa, ndege zikaenda kwenye makumbusho na vikombe kila mtu akachukua chake.

Juzi Clifford Bascom alinipigia simu. Ndiye aliyekiandika kile kitabu. Amezeeka kama mimi, anaongea kwa kutua.

"Bibi Tarkett, nimefanya kosa tena," akasema. "Nilichukua maneno yaliyokuwa yameandikwa nyuma ya picha tangu wakati ule, sikuyasoma vizuri. Macho, mama, hayapo tena. Nimeshaongea na mchapaji. Tutabandika kikaratasi kwenye kila nakala, kwamba si mwanamume, ni wewe."

Nilikuwa nimekaa mezani na kahawa yangu. Sikuwahi kupenda kahawa. Nilianza kuinywa siku ile niliyotoka kwenye chumba chao cha picha, katika kikombe cha Wendell, na tangu siku hiyo sijakiosha. Kimekuwa cheusi tena mpaka ukingoni. Najua weusi huu ni wangu, si wake.

"Usibandike, Clifford," nikamwambia. "Acha hivyohivyo."

"Lakini si kweli, mama. Hapakuwa na mwanamume pale."

"Najua hapakuwa naye," nikasema. "Niachie huyo mmoja."

Akasema sawa, akaniuliza kama nitakuja kwenye mkutano, nikasema nitaona jinsi magoti yatakavyoamka.